Jinsi ya kutambua ubao ufaao kabla ya kumlipa seremala

UKISAFIRI kwa barabara kuu itokayo Embu kuelekea Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, hutakosa kuziona karakana za maseremala zilizojipanga kandokando. Vitanda, kabati na meza vimeanikwa nje, vikipigwa na vumbi huku vikimsubiri mnunuzi.

Ingia ndani ya karakana hizo, utaona kwamba mbao zilizopasuliwa moja kwa moja kutoka kwenye gogo zimepungua mno. Pahali pake pamechukuliwa na mapande makubwa yenye urefu wa futi nane na upana wa futi nne, yaliyoundwa viwandani kwa matabaka, vipande au nyuzi za miti zilizogandishwa kwa gundi.

Yapo ya aina nyingi, lakini manne ndiyo yatumikayo zaidi: plaiwudi, blokibodi, chipubodi na MDF. Kwa mnunuzi wa kawaida zote hizo ni ‘bodi’ tu. Fundi akishazipaka rangi au vanishi, au akizinunua zikiwa tayari zimevikwa ngozi ngumu ya melamini, zote hufanana.

Tofauti hujitokeza baadaye. Mlango wa kabati hulegea kwenye bawaba, rafu ya vitabu hubonyea katikati, na sehemu ya chini ya kabati la jikoni hufura kama mkate uliotiwa chai. Kufikia hapo pesa zimekwisha kulipwa, na aghalabu fundi hulaumiwa kwa kosa ambalo ni la ubao aliochaguliwa au aliochagua yeye mwenyewe ili apunguze gharama.

Ili kuelewa jinsi bodi hizi zilivyoteka soko la sehemu hii, sharti turejelee misitu ya Mlima Kenya. Kwa vizazi, mbao za sifa katika eneo la Meru zilikuwa za muuru, mti wa asili wa nyanda hizi. Waingereza waliuita mwaloni wa Meru, jina la kupotosha kwani hauna udugu wowote na mwaloni. Jamaa yake wa karibu ni mfudu, ambao matunda yake meusi huliwa Mbeere na Ukambani. Pamoja na muuru kulikuwa na muthaiti, yaani mkafuri wa Afrika Mashariki, ambao ulikatwa kwa maelfu mlimani.

Mnamo 1999, serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake. Hata hivyo, kampuni chache kubwa ziliruhusiwa kuendelea, miongoni mwao Raiply na Timsales, ambazo hutengeneza plaiwudi na bodi nyinginezo. Wenye misumeno midogo ya kupasulia mbao walinyimwa ruhusa hiyo. Msomaji anaweza kuamua mwenyewe iwapo huo ulikuwa uadilifu, ila matokeo yake kwa seremala wa Nkubu ni bayana: ubao wa kiwandani ulipatikana, ubao wa gogo ukawa adimu.

Marufuku nyingine ilitangazwa Februari 2018. Kwanza ilikuwa ya siku 90, kisha ikaongezwa muda tena na tena hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023, hatua ambayo nayo ilipingwa mahakamani. Katika kipindi hicho bei ya mbao ilipanda na mafundi wengi waliokuwa wakidharau bodi wakalazimika kuzizoea.

Kilichobaki kwa wingi mashambani ni mukima, mti uliotoka Australia na kupandwa ili kuwapa kivuli michai na mikahawa. Leo umezunguka karibu kila shamba la Embu na Meru. Mbao zake zina mapambo ya kupendeza, lakini zikitumiwa kabla ya kukauka barabara hupinda na kupasuka. Wateja wachache wana subira ya kungoja miezi hadi mbao zikauke. Ubao wa kiwandani hufika karakanani ukiwa mkavu na ulionyooka, na hiyo ndiyo fadhila yake kuu.

Sasa tuzitazame bodi zenyewe.

Plaiwudi hutengenezwa kwa kulimenya gogo kama mtu amenyavyo chungwa. Gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu na tabaka jembamba hutoka likiwa mkanda mmoja usiokatika. Matabaka hayo hukatwa, hupakwa gundi na kupangwa moja juu ya jingine, nyuzi za moja zikielekea urefu na za linalofuata zikielekea upana. Idadi yake kwa kawaida ni witiri: matatu, matano, saba na kuendelea.

Mpangilio huo ndio siri ya nguvu zake. Mti ukinywa unyevu hutanuka upande wa upana wa nyuzi, wala si wa urefu. Matabaka yanapokingamana, kila moja humzuia jirani yake asitanuke. Ndiyo maana plaiwudi haipasuki ovyo, hushika skurubu vyema na hubeba uzito mkubwa kuliko unene wake unavyoashiria.

Hata hivyo, si plaiwudi zote zinazostahimili maji. Ubora wake hutegemea gundi. Iliyogandishwa kwa gundi ya ndani ya nyumba huachana matabaka ikiloa, ilhali iliyogandishwa kwa gundi ya fenoli huvumilia. Baadhi hupigwa muhuri wa herufi WBP kuonyesha kwamba gundi yake huhimili hali ya hewa na hata kuchemshwa. Kuhusu ile ambayo waashi huiita ‘marini’ na kuitumia kumwagia zege, jina pekee halithibitishi lolote. Mengi ya mapande yanayouzwa kwa jina hilo hayajawahi kukusudiwa kuundia mashua.

Blokibodi ni binamu wa plaiwudi. Kiini chake ni vipande vya mbao nyepesi vyenye upana wa milimita 25 hivi, vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, kisha vikafunikwa pande zote mbili kwa matabaka membamba. Ni nyepesi na haipindi kwa urahisi, hivyo hufaa sana kwa milango mirefu ya kabati za nguo na kwa rafu ndefu.

Ina hila mbili ambazo mnunuzi apaswa kuzijua. Mosi, vipande vya kiini sharti vielekee urefu wa rafu au mlango. Fundi akikata kinyume ili asipoteze kipande, nguvu karibu zote hupotea. Pili, blokibodi duni huwa na mianya kati ya vipande hivyo. Skurubu ya bawaba ikiangukia mwanya, imeshika hewa.

Chipubodi ndiyo ya bei nafuu zaidi, na ndiyo inayozusha malalamiko mengi. Huundwa kwa vijipande vya mti vilivyochanganywa na gundi ya urea, kisha vikashinikizwa kwa joto hadi vikawa ubao mgumu. Samani nyingi zinazouzwa zikiwa zimefungwa kwenye maboksi, za kuunganishwa nyumbani, ni chipubodi iliyovikwa melamini.

Maji ndiyo adui yake mkubwa. Vijipande hivyo vilibanwa kwa nguvu kiwandani, na vikipata maji hujaribu kurejea unene wake wa awali. Vinapofura huvunja gundi iliyovishikamanisha. Ubao ukikauka, gundi hairudi, na kwa sababu hiyo chipubodi iliyofura haisinyai tena hata ukiianika juani wiki nzima. Melamini iliyo juu haipitishi maji. Mlango wa maji ni ukingo uliokatwa na kuachwa wazi, au tundu la skurubu.

MDF, ambayo viwanda vya Marekani vilianza kuiuza katika miaka ya 1960, huundwa kwa kuusaga mti hadi kuwa nyuzi laini mfano wa pamba, kisha kuzishinikiza kwa gundi na nta kidogo. Haina nyuzi za kuelekea upande wowote, haina fundo wala ufa. Hukatika vizuri, huchongeka nakshi, na ikipakwa rangi hung’aa kuliko ubao mwingine wowote.

Kwa milango ya kabati yenye kuchongwa na kupakwa rangi, hakuna inayoishinda. Lakini ni nzito. Pande zima la milimita 18 lina uzito wa kilo 40 hivi, ilhali la plaiwudi ya mti mwepesi huwa karibu kilo 30 au pungufu. Uzito huo wote huning’inia kwenye bawaba. Aidha, ipo MDF ya rangi ya kijani inayouzwa kama ya kuvumilia unyevu. Kijani hicho ni rangi tu ya kutambulisha; kinachovumilia ni gundi, na hata hiyo huvumilia unyevu wa hewani, si dimbwi la maji.

Kwa hivyo ubao upi ni bora? Mafundi huulizwa swali hili kila siku na wengi hujibu kwa kutaja walicho nacho. Swali lenye manufaa zaidi ni: utawekwa wapi?

Eneo hili lina pande mbili zisizofanana hata chembe. Kianjokoma na Kionyo ni nchi ya majani chai. Kuna mvua ndefu kuanzia Machi hadi Mei, mvua fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katikati yake ukungu wa Julai unaofanya nguo zilizofuliwa zikae siku tatu kambani. Nyumba nyingi zina sakafu ya saruji inayovuta unyevu kutoka ardhini. Kabati la chipubodi likiwekwa moja kwa moja juu ya sakafu hiyo na kuegemezwa ukutani, litakunywa unyevu kimyakimya kupitia ukingo wa chini hata kama hakuna maji yaliyomwagika.

Huko, sehemu zote zinazogusa sakafu, na kabati lote lililo chini ya sinki, zastahili plaiwudi yenye gundi ya kustahimili maji. Anayesisitiza kutumia chipubodi au MDF na ainyanyue kwa miguu ya plastiki au chuma, aache nafasi ya vidole viwili nyuma yake ili hewa ipite, na ahakikishe kila ukingo umezibwa, hata ule usioonekana. Ukingo wa nyuma ndio mafundi huuacha wazi, kwa kuwa hakuna mteja anayeuinamia.

Ukiteremka hadi Siakago, Kiritiri au Ishiara, hali hugeuka. Hewa ni kavu na bodi haifuri. Tatizo la huko ni mchwa. Hapa lazima isemwe wazi kwamba hakuna hata moja kati ya bodi hizi nne inayosalimika kwa asili yake. Zote ni chakula, na blokibodi yenye kiini cha mbao laini ni karamu. Bodi iliyotiwa dawa kiwandani hupatikana, lakini bila muhuri au stakabadhi ya kuthibitisha hilo, mnunuzi asiamini rangi wala harufu.

Wakazi wa Mbeere, kwa bahati njema, wana mukau, mti wa nchi kavu ambao mchwa huukwepa. KEFRI, taasisi ya kitaifa ya utafiti wa misitu, imekuwa ikiboresha mbegu zake Kitui na Kibwezi, na umepandwa kwa wingi upande wa Kiambere. Fremu na miguu ya mukau, kisha bodi juu yake isiyogusa ardhi wala ukuta, ni ndoa ambayo mwandishi wa makala haya angeipendekeza kwa yeyote anayejenga huko.

Baada ya maji na mchwa, huja uzito. Rafu ina hesabu yake ambayo wengi hawaijui. Tuseme umejaza vitabu kwenye rafu yenye urefu wa sentimita 60 na ikabonyea milimita moja. Ukiirefusha iwe sentimita 120, unene ukiwa uleule na vitabu vikiijaza mwanzo hadi mwisho, haitabonyea milimita mbili. Itabonyea takriban milimita 16.

Kwa hiyo rafu ya vitabu ya chipubodi ya milimita 18 isizidi sentimita 60 bila nguzo ya katikati. MDF huweza kuongezewa kidogo tu. Plaiwudi ya unene huohuo yaweza kufika sentimita 80 hivi. Anayetaka rafu ndefu kuliko hiyo aidha aweke nguzo, au agongomelee kipande cha ubao wa gogo chini ya ukingo wa mbele. Kipande cha mukima chenye upana wa inchi mbili tu hubadilisha kabisa mwenendo wa rafu.

Kuhusu misumari, jibu ni fupi. Chipubodi na MDF hazitaki misumari ubavuni, hupasuka. Zahitaji skurubu zenye meno makubwa mwili mzima, na tundu litobolewe kwanza. Skurubu ikishang’oka mara moja, tundu hilo halitashika tena.

Kuna suala jingine ambalo halizungumzwi sana karakanani: afya. Gundi ya urea inayotumika katika chipubodi, MDF na plaiwudi nyingi hutoa hewa iitwayo fomaldehidi, ile harufu kali inayochoma macho ukifungua kabati jipya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza 2004 kwamba kemikali hiyo husababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mbao lenyewe lilikuwa limetiwa katika orodha hiyohiyo mnamo 1995.

Hilo halimaanishi kwamba kabati la MDF ni sumu chumbani. Kiasi kinachotoka hupungua kadiri siku zinavyopita, na bodi zenye alama ya E1 hutoa kidogo kuliko zenye E2. Lipeleke kabati jipya chumba chenye madirisha kwanza, uliache wazi wiki kadhaa kabla ya kutia nguo za mtoto mchanga. Aliye hatarini zaidi ni fundi na mwanagenzi wake, wanaokata MDF ndani ya kibanda cha mabati bila barakoa, siku baada ya siku. Vumbi la MDF ni laini mno na huelea hewani kwa muda mrefu baada ya msumeno kunyamaza.

Na hapa pana jambo linalohusu hata asiyenunua samani. Ni desturi katika kaunti hizi mbili kuchukua maranda na vumbi la mbao karakanani kwa ajili ya kutandika vibanda vya kuku, au kuwasha jiko la vumbi la mbao. Enzi ya muuru na saiprasi desturi hiyo haikuwa na neno. Leo vumbi hilo limechanganyika na la chipubodi na MDF, lililojaa gundi. Lisitandikwe chini ya vifaranga na lisichomwe jikoni. Muulize fundi ni la ubao gani, na ikiwa hajui, liache hapo.

Tukirudi kwenye ununuzi, utaratibu uliozoeleka ni mteja kutoa arubuni, fundi kwenda kununua bodi peke yake, na mteja kurudi kazi ikiwa imekamilika na kufunikwa. Utaratibu huo ndio unaozaa ugomvi. Makubaliano yanapoandikwa, hata kwenye kijitabu cha stakabadhi, yataje aina ya bodi kwa kila sehemu na unene wake kwa milimita. Maneno ‘kabati la mbao’ hayamfungi mtu yeyote.

Kisha omba kuiona bodi kabla haijakatwa na utazame ukingo wake. Uso waweza kudanganya, ukingo haudanganyi. Mistari myembamba iliyopangana ni plaiwudi. Vipande vinene kama matofali ni blokibodi. Chembechembe zenye matundu ni chipubodi. Rangi ya hudhurungi iliyo sawasawa kama biskuti ni MDF. Pima unene kwa rula. Si ajabu pande linalouzwa kuwa la milimita 18 likawa na 16.

Iwapo utaambiwa ubao ni wa kustahimili maji, omba kipande kilichobaki, kikubwa cha kutosha kiganja. Kipime unene, kitie ndani ya karai la maji usiku kucha, ukipime tena asubuhi. Plaiwudi nzuri itabaki karibu vilevile na matabaka yake hayatatenguka ukiyachokora kwa ukucha. Nyingine itakujibu yenyewe. Fundi anayekataa kukupa kipande cha ukubwa wa kiganja amekwisha kukueleza jambo kuhusu bodi yake.

Chukua mfano wa jiko la kawaida katika nyumba ya mjini Embu au Meru. Si lazima lote liwe la plaiwudi, na mwenye kipato cha wastani hawezi kulimudu hivyo. Kabati za chini, hasa la sinki, na ziwe za plaiwudi. Za juu, ambazo hazipati maji, zaweza kuwa za chipubodi yenye melamini, mradi kingo zote zimezibwa na rafu ni fupi. Milango yake iwe ya MDF iliyopakwa rangi pande zote mbili, ndani na nje, kwa sababu ukipaka upande mmoja pekee mlango hupinda. Stoo ndefu ya pembeni iwe ya blokibodi. Migongo ya kabati hutosheka na hadibodi ya milimita tatu.

Kwa mpango huo plaiwudi, iliyo ghali, itanunuliwa kwa kabati za chini pekee. Mwombe fundi achore mikato yote juu ya karatasi kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa bodi huuzwa pande zima na kila kipande kinachobaki umekwisha kukilipia.